Dada Redio na Kibao Chake

Shemeji yangu ni fundi saa ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Hata kwenye harusi yake alichelewa, na alipoulizwa akasema alikuwa anamalizia saa ya mtu, dakika moja tu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Dakika. Ukimpelekea saa atakwambia usubiri dakika moja, na wewe kama una akili timamu utakwenda sokoni, ununue mboga, urudi nyumbani upike, ule, uoshe vyombo, ndipo umrudie.

Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kusimama wima. Ana meza yenye kioo, taa yenye shingo ndefu, bisibisi nyembamba kama njiti za kuchokolea meno, na lenzi nyeusi anayoibana kwenye jicho la kulia. Jicho hilo limeshazoea. Hata akiongea nawe bila lenzi hulifinya kidogo, utadhani anakutilia shaka. Anatembea polepole na kula polepole, lakini mpe saa uone mikono yake. Kifuniko kimefunguka, betri ya zamani imetoka, mpya imeingia, na wewe hujamaliza hata kumsalimia. Kinachomchelewesha si mikono. Ni kwamba hakurudishii saa mpaka aiweke sikioni na kuisikiliza hadi roho yake iridhike.

Ana sheria moja ambayo hana mzaha nayo: kitu kisichotumika hakikai na betri ndani. Betri ikichakaa huvuja, na ule uchachu wake hula shaba mpaka saa haifai tena. Mtu akija na saa ya marehemu baba yake iliyolala kabatini na betri yake, atatengenezewa, lakini kwanza atahubiriwa. Na sheria hiyo aliihamishia nyumbani. Umeme ukikatika kwao, ukiikimbilia tochi utaikuta nyepesi kama ganda la yai. Rimoti ya televisheni hivyo hivyo. Betri zote zimelala kwenye mkebe juu ya kabati, zimefungwa mbili mbili kwa mpira.

Dada yangu, mkewe, alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni mpaka mimi nasikia upande wa pili wa ua, maana tulipanga nyumba moja, wao vyumba viwili na mimi kimoja. "Mimi naogopa hata kusinzia mbele ya huyu mtu," alikuwa akisema. "Atanitoa betri aniweke kabatini."

Dada alikuwa anaitwa Redio, na sidhani kama nahitaji kueleza kwa nini. Mimi ni msusi, na kazi ya msusi ni nusu nywele nusu maneno, lakini mbele ya dada yangu nilikuwa bubu. Aliongea akitarizi, aliongea akifua, aliongea na sufuria. Kazi yake ilikuwa kutarizi mashuka na foronya za watu wanaooa. Alichora maua kwa penseli moja kwa moja juu ya kitambaa, bila kunakili popote, huku mdomo ukisimulia habari za watu wa nyumba ya tatu. Jioni Dakika akirudi, dada alimpa habari za siku nzima, naye aliitikia "mm" na "kumbe", jicho likiwa kwenye saa aliyokuja nayo. Niliwahi kumwambia dada kwamba mumewe hamsikilizi. Akanicheka. Akasema, "Jaribu kunyamaza uone kama hatainua kichwa."

Basi siku ya kunyamaza ikaja. Sauti ilianza kukwaruza, akasema ni vumbi la vitambaa. Ikazidi, akasema ni baridi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nani wa kumwambia Redio azime apumzike? Alipokubali kwenda hospitali walikuta uvimbe, na daktari akasema ili aishi lazima waondoe sehemu ya koo inayotoa sauti. Siku moja kabla ya upasuaji alimwita mumewe karibu na kitanda. Nilikuwepo. "Kesho ukichelewa sitakuwa na mdomo wa kukugombeza," alimwambia. "Kwa hiyo nakugombeza leo." Akamgombeza kweli, kwa ile sauti iliyokwaruza, kwa makosa ya miaka yote na mengine ambayo hajafanya bado. Tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza. Siku iliyofuata Dakika alifika kabla lango la hospitali halijafunguliwa. Hiyo ndiyo mara pekee ninayoijua mimi.

Dada akarudi nyumbani na tundu la kupumulia shingoni, amelifunika kwa kitambaa chepesi alichokitarizi mwenyewe. Akapewa kalamu na karatasi. Lakini dada hakuwa mtu wa kuandika. Maneno yake yalikuwa yanakwenda mbio, mkono ukiandika unajikokota, na akimaliza sentensi tumeshahamia jambo lingine. Dakika naye kusoma mwandiko ni shughuli. Anatafuta miwani, anaisafisha, anasogea kwenye mwanga. Siku moja dada alirusha kalamu ukutani, akakaa akiangalia sakafu. Ile nyumba ilikuwa kimya mpaka saa zote za ukutani unazisikia kila moja peke yake. Dakika alikuja kunigongea, akaniomba nikae nao. Akasema hajui pa kuweka masikio yake.

Kile tulichokuja kukiita kibao kilikuja kwa bahati tu. Mteja wake mmoja wa zamani alikuwa anahama, akamletea boksi la vitu vibovu achukue kitakachomfaa. Humo mlikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi, zile za zamani kabla simu hazijawa na akili, walizokuwa wakizitumia watu wa maofisini kuweka miadi na anwani. Nyeusi, inatosha kiganja, ina kijiti chake cha plastiki kilichochomekwa ubavuni. Sehemu za betri zilikuwa zimeota kutu. Aliyeiacha na betri ndani alihubiriwa bila kuwepo. Dakika akazikwangua, akaweka betri mbili ndogo, kioo kikawaka rangi ya maji ya mchicha.

Miadi hakuwa nayo, na anwani za watu wote aliowahitaji ziko uani. Lakini alikuta humo programu ya kuchorea, rahisi kabisa. Ukurasa mweupe, chini yake kalamu nyembamba, kalamu ya wastani, kalamu nene, kifutio, na alama ya ukurasa mpya. Hakuna rangi. Mstari wa mshazari ulitoka na vijipembe kama ngazi. Akampelekea dada, akamwekea mapajani, na kwa sababu hakujua aseme nini akasema, "Kuna kitu cha kuchezea."

Dada akakigeuza geuza. Akachomoa kijiti. Akachora birika, na juu yake mvuke unaopanda, akamwonyesha mumewe. Dakika akainuka, akaenda kuinjika chai. Aliporudi akakuta ukurasa mpya: mwanamume mwenye pua kubwa kama birika lenyewe, jicho moja limefinywa. Dada alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Mimi nikakaa chini mlangoni nikalia kwa furaha, sina aibu kusema.

Tangu siku hiyo Redio alirudi hewani. Alichora haraka kuliko alivyowahi kusema. Kalamu nene ilikuwa kelele na kalamu nyembamba mnong'ono. Ya wastani ndiyo mazungumzo ya kawaida. Akitaka kunisema alichora kichwa changu na nywele zimesimama. Akitaka kumsengenya mama wa nyumba ya tatu alichora mdomo mkubwa wenye miguu. Wanawake wa uani walikuja kusengenya naye, wao kwa mdomo yeye kwa kijiti, na alikuwa anawashinda. Michoro mingi aliifuta hapo hapo, maana maneno ya uani hayatunzwi. Michache aliiacha. Niliwahi kuiona: shuka la kwanza alilomtarizia mumewe, ua letu lenye kamba za nguo, na mmoja wa Dakika amelala kitini, mdomo wazi, lenzi bado imebana jichoni. Huo ulikuwa kwa kalamu nyembamba yote. Alikuwa akiufungua wakati mwingine mumewe akiwa kazini, anautazama, anafunga.

Na Dakika alikuwa haangalii tena saa za watu jioni. Hilo nalo niliseme. Mchoro hauwezi kuuitikia "mm" ukiwa umeinama. Alikaa mbele ya mkewe na macho yote mawili, na kama kuna wakati walioongea kama mume na mke, ni ule. Betri zilipokaribia kuisha, dada alimpa kibao, naye alizitoa na kuweka nyingine kwa ule mkono wake mwepesi, kufumba na kufumbua, na michoro yote ikawa palepale. Hakuna aliyejiuliza kama ingekuwaje kwa mtu mwenye mkono mzito.

Ugonjwa ulirudi. Safari hii daktari hakuzungumza habari ya kukata. Dada akapungua, na mikono ikapungua, ila kijiti hakukiacha. Kuna siku nilikuwa namsuka, zile nywele chache zilizobaki, nikaona anachora kitu kirefu. Kwa kawaida alichora kama anayefukuza nzi; hiki alikituliza. Nikachungulia, akanipiga mkono. Mabega yakawa yanatikisika na sikujua anacheka au analia, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake sikuuona uso. Alipomaliza aligusa ukurasa mpya, akaficha kile chake nyuma.

Dakika alipofika dada akamchorea haya mbele yangu. Kwanza nyumba iliyojaa vichwa vya watu, na juu yake akapiga alama ya kukataza. Halafu nyumba ile ile, ndani mtu mmoja tu mwenye pua kubwa, ameshika kibao. Hata mtoto angeelewa. Kuna kitu humu chako. Usikifungue watu wakiwa wamejaa. Wakishaondoka, ukibaki mwenyewe, ndipo ukione.

"Mm," alisema Dakika. Halafu, kwa sababu mkewe alikuwa anamwangalia akisubiri, akasema vizuri, "Nimesikia, mke wangu."

Dada alifariki mchana, wakati nguo zimeanikwa. Sina zaidi la kusema hapo.

Watu walijaa kama alivyochora. Ndugu wa upande huu na ule, majirani, mabibi harusi wa zamani waliolalia mashuka yake. Watoto waliachwa wapite kila chumba. Mmoja akakikuta kibao kitandani, akachomoa kijiti, akawa anakigonga gonga. Dakika alimwona kutoka nje. Sijawahi kumwona akitembea haraka namna ile. Akakichukua kwa upole, akamwambia mtoto hicho ni cha bibi, akaingia nacho chumba cha ndani. Nilimfuata kwa sababu niliogopa ataanguka.

Hakuanguka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akafanya lile analolijua. Akafungua mgongo wa kibao, akatoa betri mbili, akazifunga pamoja kwa mpira. Akapangusa shaba kwa kitambaa kikavu, pande zote. Akakizungushia kile kitambaa cha njano laini anachofungia saa za thamani, zile wenyewe wamesafiri, akakiweka kwenye mkebe wake wa kufuli. Alisema, bila kuniangalia, kwamba hajui msiba utachukua muda gani, na hataki kitu chochote kivuje kikamharibia dada yangu. Mimi nikaona ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, hilo sitakubali mtu yeyote alipinge.

Watu wakaondoka. Wa mwisho walikuwa shangazi zake Dakika, nao waliondoka na kulalamika kwamba hawajapewa heshima yao. Nikadhani sasa atafungua. Hakufungua. Alikwenda kazini, akarudi, akala nilichompikia, akalala. Mimi subira sina. Kila nikimwona namtazama usoni kuona kama ameshaona. Mwishowe nikamuuliza. Akaniambia kwamba akishakiona, basi dada atakuwa ameshamaliza kusema naye, na hana haraka na jambo hilo. Kwa mara ya kwanza niliona faida ya kuchelewa kwake.

Siku aliyoamua ilikuwa ya mapumziko, baada ya kufagia ua. Aliniita. Nikamkumbusha kwamba dada alisema awe mwenyewe. "Wewe si watu, shemeji," akasema. "Wewe ni yeye." Tukakaa mezani. Amevaa shati alilopigiwa pasi. Akafungua kitambaa cha njano, akaweka betri mpya, alizozinunua dukani zikiwa bado kwenye karatasi yake, akafunga mgongo, akabonyeza.

Kibao kikalia mlio mdogo ambao hatujawahi kuusikia. Kikatukaribisha. Kikamtaka aguse alama ya msalaba kwenye kona moja, halafu kona nyingine. Kikamuuliza saa ngapi, na leo ni tarehe ngapi. Dakika akatazama saa yake ya mkononi, akaweka saa na tarehe bila kukosea, kwa uangalifu wake wote. Akafungua programu ya kuchorea. Ukurasa ulikuwa mweupe. Akagusa kurudi nyuma, akagusa tena. Hakukuwa na nyuma.

"Ngoja," akaniambia. "Dakika moja."

Alikipa dakika moja. Alikipa jioni nzima. Alikiweka sikioni, kama saa.

Fundi simu wa pale juu ya ngazi ndiye aliyetueleza, naye maskini alikuwa hajui anaeleza nini. Alisema vile vifaa vya zamani havina pa kuandika kitu kikakaa. Kila kilichomo kinashikwa na betri. Ukizitoa, kinavumilia kidogo tu, muda wa kubadilisha kwa mtu mwenye haraka, halafu kinasahau vyote. Akauliza kama tulikuwa na jambo la maana humo. Dakika akajibu kwamba hapana, yalikuwa maneno ya nyumbani tu. Akashuka ngazi, mimi nyuma yake. Chini, pale ambapo mtu hawezi kusimama wima, akashika meza kwa mikono miwili.

"Alisema nitamtoa betri," akaniambia. "Alisema, mkawa mnacheka."

Nilimwambia yote ambayo mtu husema. Kwamba hakujua. Kwamba ule mkono wake mwepesi ndio uliomponza. Angekuwa mzito hata mara moja, mapema, tungeliona kosa wakati dada yupo wa kutuchorea upya. Kwamba mazoea yana taabu. Yote ya kweli na hakuna lililosaidia. Maji yakimwagika hayazoleki, nao wahenga hawakutuambia tufanye nini na mikono iliyomwaga.

Halafu nikafanya upumbavu. Jioni nilikichukua kibao, nikajaribu kuuchora ule wa yeye amelala kitini, kwa sababu niliukumbuka vizuri. Nilitumia kalamu nyembamba. Nikafuta, nikarudia, mpaka lenzi ikakaa pale ilipokuwa na mdomo ukawa wazi kama ule. Nikampelekea. Akautazama kwa muda mrefu, jicho limefinywa, na moyo wangu ukaanza kutumaini.

"Ndiyo mimi," akasema. "Umeweza. Lakini hii ni sauti yako, shemeji." Akaniomba ruhusa, kwa adabu kabisa, akaufuta.

Ninamkumbuka dada kwa mengi. Lakini kitu kile kirefu alichokituliza, mabega yakitikisika, hakuna aliyekiona chini ya jua isipokuwa yeye. Nilikuwa nyuma yake, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu. Kama alikuwa anacheka, sijui. Hilo linaniuma mpaka leo, na najua namna linavyomla yeye.

Dakika bado yuko chini ya ngazi. Bado anachelewa. Ila siku hizi mtu akimletea kitu abadilishe betri, hata iwe saa ya ukutani ya plastiki, anaiweka mezani, anaondoa lenzi, anauliza, "Ndani mna kitu cha mtu?" Wateja wanacheka. Wanasema fundi amezeeka, saa itakuwa na nini zaidi ya mishale? Yeye hacheki wala hakasiriki. Anasubiri, na mpaka umjibu kwamba hamna, hagusi bisibisi.

Kibao kiko pembeni ya taa yake, juu ya kitambaa cha njano. Betri zimo ndani mchana kutwa na usiku kucha. Sheria aliyoihubiri maisha yake yote ameivunja kwa kitu hicho kimoja. Zikikaribia kuisha anaacha kazi ya mtu, anavuta pumzi, anazitoa na kuweka nyingine kwa ule mkono wake, kufumba na kufumbua, halafu anafungua ukurasa kuangalia. Ndani hamna kitu. Nami huwa naangalia.